Mashine Moja, Dunia Mbili: Somo juu ya Ugeuzaji Kamili wa Mchezo wa Kompyuta

Utangulizi

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kete hizo aghalabu ni komwe, lakini wachezaji wasio na komwe hutumia kokoto, na wasio na ubao wa mti huchimba mashimo mchangani. Mchezo haubadiliki kwa sababu hiyo. Kanuni za namua na mtaji hubaki zile zile, na fundi wa bao hutambulikana hata akichezea mchangani. Ama mtu akiacha ubao na komwe jinsi zilivyo, lakini akabadili kanuni ya kula kete, hapo ameanzisha mchezo mwingine, ijapokuwa mtazamaji wa mbali hataona tofauti yoyote.

Mfano huo unaonyesha kwamba mchezo una sehemu mbili: sehemu inayoonekana na sehemu inayotawala. Katika bao sehemu hizo hutengwa kwa urahisi. Katika mchezo wa kompyuta zimefumwa pamoja, hata mchezaji wa kawaida hawezi kuona ushono ulipo.

Mwaka 1997 kundi lililoitwa Banjo Software lilitoa mchezo wenye jina la HacX. Mchezaji alijikuta katika dunia ya siku zijazo iliyotawaliwa na mitambo ya kompyuta, naye akashika nafasi ya mtu mjuzi wa kupenya mitambo hiyo, akipambana na shirika kubwa lenye nia mbaya. Kuta, silaha, sauti na maadui vilikuwa vimetengenezwa upya. Hata hivyo HacX haukuwa na mashine yake wenyewe. Aliyetaka kuucheza alilazimika kwanza kuwa na Doom II, mchezo uliotolewa mwaka 1994 na kampuni ya id Software ya Texas, Marekani. Doom II husimulia habari nyingine kabisa, ya mashetani kutoka kuzimu waliovamia dunia. Kwa hiyo nyuma ya mitambo ya siku zijazo ilikuwapo mashine ile ile iliyokuwa ikiendesha mashetani.

Kazi ya namna hii huitwa ugeuzaji kamili. Katika somo hili itachunguzwa jinsi ugeuzaji huo unavyowezekana, mahali unapokomea, na kwa nini ukomo huo ulikuwa jambo la kufa na kupona kwa kazi za watungaji kama wale wa HacX.

1. Asili ya mtengano

Mchezo wa kwanza wa Doom ulitolewa tarehe 10 Desemba 1993. Ni mchezo wa kupiga shabaha ambao mchezaji huiona dunia kwa macho ya mhusika mwenyewe: mbele yake ipo silaha aliyoishika, na kuta husogea kadiri anavyotembea. Mtungaji mkuu wa programu yake alikuwa John Carmack. Mwaka 1992 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa Wolfenstein 3D, na baadhi ya wachezaji waligundua wenyewe namna ya kubadili ramani za mchezo huo, ingawa haukuundwa kwa nia hiyo. Waliandika ramani zao juu ya zile za asili, na za asili zikapotea.

Kampuni ingeweza kuchukua hatua ya kufunga mlango. Carmack aliufungua zaidi. Katika Doom aliweka kila hesabu ya mwendo, mwanga na mapigano katika programu moja, na kila ramani, picha, sauti na wimbo katika faili moja kubwa iliyo kando. Programu hiyo huitwa injini. Faili ya data hutambulikana kwa herufi tatu za mwisho wa jina lake, yaani WAD.

Tokeo la mtengano huo ni kwamba injini haijui maana ya kile inachokionyesha. Ikisoma picha ya ukuta, haijui kama ni ukuta wa pango au wa chombo cha angani. Kwake ni mfuatano wa namba. Maana huwekwa na aliyeandaa namba hizo, na huonekana na anayezitazama.

Watu wa nje waliitumia nafasi hiyo upesi. Mwaka 1994 Justin Fisher alitoa Aliens TC, kazi iliyotokana na filamu ya Aliens ya mwaka 1986 na inayohesabiwa miongoni mwa ugeuzaji kamili wa kwanza. Jambo la kuzingatia katika kazi hiyo ni hatua yake ya kwanza, ambayo haina adui hata mmoja. Mchezaji hupita katika vyumba vitupu, akitazamia kushambuliwa, na hashambuliwi. Injini iliyotungwa kwa ajili ya mapigano ya haraka ilitumiwa kuonyesha ukimya unaotisha, wala haikuhitaji kubadilishwa kwa ajili hiyo.

2. Mpangilio wa faili ya WAD

Faili ya WAD yaweza kufananishwa na maktaba ndogo. Maktaba ina mlango, ina daftari la orodha, na ina rafu za vitabu. Kadhalika faili hii ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni kichwa cha faili, chenye baiti 12. Baiti 4 za mwanzo ni herufi IWAD au PWAD. Baiti 4 zinazofuata hutaja idadi ya mafungu ya data yaliyomo, na baiti 4 za mwisho hutaja mahali orodha ilipo. Ya pili ni mafungu yenyewe. Ya tatu ni orodha, ambamo kila fungu lina baiti 16: baiti 4 za kuonyesha lilipoanzia, baiti 4 za ukubwa wake, na baiti 8 za jina.

IWAD ni faili kuu ya mchezo. PWAD ni faili ya kiraka. Injini ikifunguliwa pamoja na kiraka, huunganisha orodha zote mbili, ya kiraka ikiwa nyuma ya ile kuu. Kisha kila inapotafuta fungu kwa jina, huanzia mwisho wa orodha na kurudi nyuma. Basi kama kiraka kina fungu lenye jina sawa na la asili, injini hulikuta la kiraka kwanza na kuridhika nalo. Fungu la asili halifutwi, halifikiwi tu. Kanuni hiyo ndogo, ya kutafuta kutoka nyuma, ndiyo iliyowawezesha wageuzaji kufanya kazi bila kuharibu mali ya asili.

Hata hivyo njia hiyo haikutosha kwa kila jambo. Picha za viumbe na picha za sakafu zilitafutwa na injini ya asili kati ya alama mbili maalumu ndani ya orodha, zote zikiwa kundi moja. Mgeuzaji aliyetaka kuzibadili alilazimika kutumia programu nyingine ya kuziunganisha na za asili. Mwanafunzi na aone hapa kwamba mlango uliofunguliwa kwa makusudi haukuwa mpana pande zote.

3. Chumba kimoja kwa hesabu ya baiti

Ramani ya Doom ni mchoro wa juu, kama mchoro wa fundi mwashi. Huundwa kwa vitu vitano:

(a) Vipeo, yaani pembe ambapo mistari hukutana. Kila kipeo kina namba mbili, za x na y: baiti 4.

(b) Mistari, ambayo kila mmoja huunganisha vipeo viwili: baiti 14.

(c) Nyuso za mistari, zinazotaja picha za ukuta: baiti 30 kila uso.

(d) Maeneo, ambayo kila moja lina kimo cha sakafu, kimo cha dari, picha za sakafu na dari, na kiasi cha mwanga: baiti 26.

(e) Vitu, kama vile mahali pa kuanzia mchezaji, silaha au adui: baiti 10 kila kimoja.

Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi anataka kujenga chumba kimoja cha mraba chenye mchezaji mmoja. Anahitaji vipeo 4, mistari 4, nyuso 4, eneo 1 na kitu 1. Hesabu yake ni hii:

Vipeo: 4 × 4 = 16
Mistari: 4 × 14 = 56
Nyuso: 4 × 30 = 120
Eneo: 1 × 26 = 26
Kitu: 1 × 10 = 10
Jumla: baiti 228

Chumba kizima, pamoja na mtu aliyesimama ndani yake, kimeelezwa kwa baiti zisizofikia idadi ya herufi za aya moja ya makala haya, bila kuhesabu mti utakaoelezwa mbele. Picha za kuta hazimo katika hesabu hiyo kwa kuwa zimewekwa mahali pengine, na ramani huzitaja kwa majina tu. Kwa sababu hiyo jumba la kale hugeuka kuwa maabara ya siku zijazo bila ramani kuguswa: inatosha kubadili picha na kuliacha jina.

Mwanafunzi makini ataona pia upungufu. Kila eneo lina kimo kimoja cha sakafu na kimoja cha dari. Kwa hiyo juu ya nukta yoyote ya mchoro hakuwezi kuwapo sakafu mbili. Nyumba ya ghorofa, ambamo mtu hutembea chini na mwingine hutembea juu yake, haijengeki katika injini ya asili. Mgeuzaji aweza kupaka ukuta picha ya jengo la ghorofa mia; hawezi kumpeleka mchezaji katika ghorofa mbili zilizo mahali pamoja. Vivyo hivyo, mchezaji hawezi kupanda kidato kinachozidi vipimo 24, kwa maana kanuni hiyo imo ndani ya injini.

4. Rangi kama makubaliano

Kioo cha Doom kilikuwa na nukta 320 kwa 200, yaani nukta 64,000. Kila nukta ilishika baiti moja, nayo baiti moja haiwezi kubeba zaidi ya thamani 256. Namba hiyo si rangi yenyewe. Ni namba ya safu katika jedwali la rangi, na katika kila safu mna viwango vitatu vya nyekundu, kijani na samawati.

Doom ina majedwali 14 ya namna hiyo. Ukubwa wake ni 14 × 256 × 3, yaani baiti 10,752. La kwanza ni la kawaida. Mengine hutumiwa kwa muda mfupi: mchezaji akiumia, injini huweka jedwali lenye wekundu, na kioo chote hubadilika mara moja bila picha hata moja kuchorwa upya.

Katika jedwali la asili safu ya 176 na zile zinazoifuata ni za nyekundu. Mgeuzaji akiweka samawati katika safu hizo, damu yote ya mchezo huwa samawati, na kila kitu chekundu hubadilika pamoja nayo. Kwa baiti chache dunia nzima imepata hali nyingine. Lakini uhuru huo una gharama, kwa kuwa safu ni 256 tu. Anayehitaji aina nyingi za samawati kwa ajili ya taa za mji wa siku zijazo hana budi kuzipunguza rangi nyingine, kama mshonaji mwenye kitambaa kisichoongezeka.

5. Mti wa mgawanyo

Injini ya Doom huhesabu mambo kwa mapigo 35 kila sekunde. Ikiwa kioo huchorwa upya kila pigo, nukta zinazochorwa ni 64,000 × 35, yaani 2,240,000 kila sekunde. Kompyuta za mwaka 1993 zisingemudu kazi hiyo kama zingalazimika kukagua kila ukuta wa ramani ili kujua upi uko mbele na upi uko nyuma.

Ufumbuzi ulitoka katika maandiko ya kitaalamu. Mwaka 1980 Henry Fuchs, Zvi Kedem na Bruce Naylor walieleza njia ya kugawa nafasi kwa nusu, tena na tena. Ramani hukatwa kwa mstari mmoja kuwa pande mbili. Kila upande hukatwa tena, mpaka zibaki sehemu ndogo ambazo ndani yake hakuna ukuta unaoufunika mwingine. Mikato hiyo huandikwa kama mti: shina ni mkato wa kwanza, matawi ni mikato iliyofuata, majani ni sehemu ndogo za mwisho.

Mchezo unapoendeshwa, injini huuliza swali moja katika kila tawi: mchezaji yuko upande gani wa mkato huu? Jibu hupatikana kwa hesabu ya kidato cha sekondari. Mkato ukipita katika kipeo (a, b), nao ukielekea kwa hatua m ya x na hatua n ya y, basi kwa mchezaji aliye mahali (x, y) hukokotolewa:

K = (x − a) × n − (y − b) × m

K ikiwa chanya, mchezaji yuko kulia kwa mkato. Ikiwa hasi, yuko kushoto. Kwa mfano, mkato unapita (0, 0), na m = 4, n = 2. Mchezaji akiwa (3, 0), K = 3 × 2 − 0 × 4 = 6, naye yuko kulia. Akiwa (1, 3), K = 1 × 2 − 3 × 4 = −10, naye yuko kushoto.

Injini hushuka kwanza katika upande aliko mchezaji, ikachora kuta zilizo karibu, kisha ikaendelea na za mbali, na kuacha kila mahali pa kioo palipokwisha kujaa. Mti uliosawazika wenye ngazi 10 huweza kutenganisha sehemu 1,024, kwa maana 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 10 huleta 1,024. Maswali 10 yatosha kuitambua sehemu moja kati ya hizo zote.

Mti huo haukokotolewi wakati wa kucheza. Hutengenezwa mara moja, ramani inapokamilika, na kuhifadhiwa katika faili. Ndiyo maana katika Doom sakafu na dari huweza kupanda na kushuka, lakini ukuta hauwezi kusogea kwenda kando. Ukuta ukisogea, mikato haitakuwa sahihi tena. Mgeuzaji aliyefikiria mlango wa kuteleza kando, kama ule unaoonekana katika filamu nyingi za siku zijazo, alizuiwa na hesabu iliyokamilika kabla mchezo haujaanza.

6. Yaliyobaki ndani ya injini

Tabia za viumbe hazikuwekwa katika faili ya WAD. Zilibaki ndani ya programu, katika jedwali lenye hali 967. Kila hali hutaja picha ya kuonyesha, muda wa kuionyesha, tendo la kufanya, na hali itakayofuata. Askari wa kawaida anayesubiri, kwa mfano, hupishanisha hali mbili, kila moja ya mapigo 10. Mzunguko wake ni mapigo 20, yaani 20 ÷ 35, ambayo ni kama sekunde 0.57. Katika kila hali hutenda jambo moja, kutazama kama mchezaji ameonekana. Akimwona, huhamia katika hali ya kumfuata.

Mwaka 1994 Greg Lewis alitunga programu ya DeHackEd, iliyowezesha watu kubadili jedwali hilo ndani ya injini iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kwa njia hiyo mgeuzaji aliweza kumpa kiumbe nguvu nyingine, mwendo mwingine, au mfuatano mwingine wa hali. Ila jedwali halikuweza kurefushwa. Hali zilikuwa 967, hazikuzidi. Aliyetaka silaha mpya yenye mwendo wa picha nane alilazimika kuzitwaa hali nane kutoka kwa kiumbe au pambo asilolihitaji. Wala hakuweza kubuni tendo jipya. Aliweza kuchagua tu miongoni mwa matendo ambayo Carmack na wenzake walikuwa wamekwisha kuyaandika.

Hapa ndipo mfano wa bao unapopata maana yake kamili. Kubadili picha na sauti ni kubadili kete. Kubadili ramani ni kuchimba mashimo mahali pengine. Kubadili hali ni kupanga upya hatua zilizoruhusiwa. Lakini kanuni ya msingi ilibaki mikononi mwa mwenye injini. Neno “kamili” katika ugeuzaji kamili linahusu macho na masikio ya mchezaji, halikuifikia mashine.

7. Mpangaji na mwenye nyumba

Hali ya mgeuzaji yaweza kulinganishwa na ya mpangaji aliyeipaka nyumba rangi, akabadili milango na kupanda bustani. Jirani humsifu kwa nyumba nzuri, lakini ufunguo wa lango kuu si wake.

Jambo hilo lilifika mahakamani nchini Marekani. Kampuni moja ilikusanya ramani 300 zilizotungwa na wachezaji kwa ajili ya mchezo wa Duke Nukem 3D, ikaziuza. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa iliona kwamba ramani hizo, ijapokuwa hazikubeba picha hata moja ya mchezo wa asili, zilisimulia habari mpya za shujaa yule yule, na kwamba haki ya kusimulia mwendelezo huo ilikuwa ya mwenye mchezo. Mgeuzaji aliyebuni shujaa wake na picha zake, kama walivyofanya watungaji wa HacX, alikuwa na hoja yenye nguvu zaidi. Lakini hata yeye hakuweza kuitoa kazi yake pamoja na injini.

Ilikuwapo hatari nyingine, isiyo ya sheria. Kompyuta hubadilika, na programu iliyofungwa haiwezi kubadilika pamoja nazo. HacX ulipotoka mwaka 1997, mchezo wa Quake wa mwaka 1996 ulikuwa umekwisha kuleta injini mpya inayoruhusu chumba juu ya chumba. Kompyuta nazo zilikuwa zikiuacha mfumo wa DOS ambao injini ya Doom iliandikiwa. Laiti injini hiyo ingebaki imefungwa, kila kazi iliyoitegemea ingekabiliwa na hatari ya kufa pamoja nayo, pasipo kosa la waliozitunga.

Haikuwa hivyo. Tarehe 23 Desemba 1997 Carmack aliitoa kwa umma programu asili ya Doom, yaani maandishi yake kama yalivyotungwa kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Mwaka 1999 ikawekwa chini ya leseni ya umma ya GNU, ambayo humruhusu mtu yeyote kuisoma, kuibadili na kuisambaza kwa sharti kwamba naye asiyafiche maandishi ya toleo analolisambaza. Watu wa nchi mbalimbali waliiandika upya kwa kompyuta za aina nyingi, na baadhi yao wakaondoa mipaka iliyoelezwa hapo juu, ukiwamo ule wa hali 967.

Mwaka 2010 HacX ulitolewa tena, mara hii kama faili kuu, yaani IWAD, isiyohitaji Doom II. Mpangaji alikuwa amepata nyumba. Mradi mwingine, uitwao Freedoom, ulianzia upande wa pili: kwa kuwa injini sasa ni huru, wachangiaji wake walichora picha, sauti na ramani zilizo huru pia, ili mchezo mzima uweze kugawiwa bila malipo na bila kuvunja haki ya mtu.

8. Matumizi darasani

Walimu wengine watauliza kama mchezo wa mapigano unafaa kuwa mfano wa somo. Jibu limo katika hoja yenyewe, kwamba injini haijui maana ya inachokionyesha. Mwaka 1996 ulitolewa nchini Marekani mchezo uitwao Chex Quest, uliowekwa ndani ya maboksi ya chakula cha asubuhi. Ulitumia injini ya Doom, lakini viumbe wake hawauawi, hurudishwa kwao. Damu haimo. Mwalimu anayetaka kuepuka mapigano kabisa aweza kutumia ramani peke yake, isiyo na adui, na somo la jiometri halitapungua.

Tena sehemu kubwa ya somo hili haihitaji kompyuta. Wanafunzi waweza kupima darasa lao kwa futi ya kamba, wakaandika vipeo, mistari na maeneo katika daftari, na kuhesabu baiti. Waweza kuchora mchoro wa shule nzima, kuukata kwa mistari, na kuandika mti wake. Watakapokosana kuhusu mkato wa kwanza uwe upi, watakuwa wamefikia swali ambalo watungaji wa programu za kukata ramani walilishughulikia: mkato upi huleta mti uliosawazika bila kuvunja kuta nyingi?

Hitimisho

Historia ya HacX ina fundisho kwa kila anayefanya kazi juu ya mashine iliyobuniwa na mwingine. Inawezekana kufanya mengi kwa kubadili data pekee, na vijana wengi walijifunza hesabu, uchoraji na utungaji wa programu kwa njia hiyo. Lakini uhai wa kazi hutegemea pia ile sehemu isiyoonekana. Mwanafunzi anapopewa programu yoyote, ya mchezo, ya hesabu za duka au ya kumbukumbu za shule, na aulize maswali mawili: data yangu imewekwa wapi, na ni nani aliye na maandishi ya injini?

Maswali ya mazoezi

1. Chora vyumba viwili vya mraba vinavyopakana, vyenye mstari mmoja wa pamoja ambao mchezaji anaweza kuupita. Mstari huo una nyuso mbili. Ukiweka mchezaji mmoja, ramani ina baiti ngapi bila kuhesabu mti?

2. Mkato unapita (0, 0), na m = 4, n = 2. Onyesha upande walipo wachezaji walio (5, 1) na (2, 4).

3. Risasi moja ya bastola katika Doom hupunguza nguvu kwa 5, 10 au 15. Kiumbe mwenye nguvu 60 huhitaji risasi chache kabisa ngapi, na nyingi kabisa ngapi?

4. Jadili: kama wachezaji wa bao wakikubaliana kubadili kanuni moja tu ya kula kete, je, wamegeuza mchezo zaidi au pungufu kuliko watungaji wa HacX?

Majibu

1. Vipeo 6, mistari 7, nyuso 8, maeneo 2, kitu 1: 24 + 98 + 240 + 52 + 10 = baiti 424.

2. Kwa (5, 1), K = 6, kulia. Kwa (2, 4), K = −12, kushoto.

3. Chache kabisa ni 4. Nyingi kabisa ni 12.

4. Swali hili limeachwa kwa mjadala wa darasa.